Keria Inabebwa na Bolti Mbili za Chini

Haya ni maneno niliyoongea kwenye mkutano wa waendesha baiskeli za safari hapa Morogoro. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu vicheko na kelele za bodaboda.

Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi. Dada zangu mlioko kule nyuma naomba msogee, yani leo vitu nitakavyoonyesha ni vidogo na ukikaa mbali utaondoka na maneno matupu.

Nimeombwa niongelee kufunga keria kwenye hizi baiskeli za zamani za safari, hizi tunazozipata kwenye mitumba. Najua kuna mtu hapo anajiuliza keria nayo ina hotuba gani, si unapeleka kwa fundi anakufungia unalipa unaondoka. Sawa. Lakini mafundi wetu, na wengine wapo hapa nawaheshimu sana, wamekulia kwenye baiskeli za mizigo za Phoenix na Hero na Avon, na keria ya Phoenix na keria ya hii baiskeli iliyosimama hapa mbele yenu ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa vyote vinakaa nyuma ya siti.

Hii ni Dawes Galaxy, baiskeli ya Birmingham kule Uingereza, modeli ilianza kutoka 1971. Hii yenyewe ni ya miaka hiyo hiyo ya 70, gia kumi, mbili mbele tano nyuma, rimu za inchi 27, na pale kwenye bomba la siti kuna stika imechakaa imeandikwa Reynolds 531. Mwenyewe yule pale amekaa anacheka cheka, anataka kwenda nayo Iringa, maana yake kuna mlima wa Kitonga unamsubiri, na ana mizigo.

Sasa kama utasahau yote leo, hili usisahau. Ukiweka kilo 20 juu ya keria, hizo kilo hazibaki juu. Zinashuka kwenye miguu ya keria mpaka chini kabisa, zinaingia kwenye bolti mbili, moja kulia moja kushoto, na kila bolti ina unene wa milimita 5 tu. Basi, hapo ndo mzigo wako ulipo. Ile mikono ya juu inayoshika fremu karibu na breki haibebi kitu cha maana, kazi yake ni kuzuia keria isilale nyuma na isiyumbe kushoto kulia. Lakini angalia watu wanavofunga, wanahangaika nusu saa na mikono ya juu kwasababu inaonekana, inapendeza, alafu chini wanaweka bolti yoyote iliyokuwepo kwenye kopo.

Alafu kuna kitu watu hawakijui. Ile bolti ya chini ikikatika safarini watu wanasema mzigo ulizidi. Mara nyingi sio. Bolti iliyokazwa vizuri inabana mguu wa keria na fremu kwa nguvu mpaka vinakuwa kitu kimoja, msuguano ndo unabeba mzigo, bolti yenyewe haipindishwi. Ikilegea kidogo tu, hata robo mzunguko, mguu unaanza kucheza, kila tuta bolti inapinda mbele inapinda nyuma, mbele nyuma, na barabara zetu mnazijua, ukitoka hapa mpaka Mikumi matuta makubwa yapo, ya rasta yapo. Inachoka. Inakatika usawa wa fremu kabisa, kipande kinabaki ndani na keria inaangukia tairi. Kwa hiyo bolti inauliwa na kulegea kabla haijauliwa na uzito.

Turudi kwa Phoenix maana ndo inayotuchanganya. Keria ya Phoenix miguu yake inavaa kwenye ekseli yenyewe, ekseli nene ya chuma isiyo na uwazi ndani, unakaza nati kubwa imeisha hiyo. Ndo maana inabeba gunia la mkaa, inabeba madumu ya maji, wale jamaa wa Burundi wanashuka nayo milimani kuelekea Bujumbura na mikungu ya ndizi mpaka baiskeli huioni. Bodaboda yenyewe ilianzia kwenye keria, pale mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, baiskeli imewekwa mto nyuma abiria anakaa anavushwa. Hakuna anayeidharau ile keria.

Lakini hii Galaxy ekseli yake ina uwazi katikati, ni ile unafungua gurudumu kwa mkono kwa kimkono cha pembeni, haitokezi nje kiasi cha kuning'inizia mguu wa keria. Na hata kama yako ina ekseli ya nati, ukivalisha keria pale utajuta siku ya pancha, maana kutoa gurudumu lazima ulegeze keria na mzigo uko juu yake, uko Mikumi, jua kali, na nyani wanakuangalia.

Ndo hapo fundi anakwambia usijali, nakutengenezea ya nondo, nakuchomelea kwenye fremu kabisa haitoki milele. Ndugu zangu hapa naomba tusikilizane. USIKUBALI. Hii Reynolds 531 ni bomba lililoanza kuuzwa 1935, lina manganizi na molibdenamu ndani, jembamba, sehemu nyingi unene wa ukuta wake haufiki milimita moja. Hata walioliunda hawakulichomelea kwa umeme, waliunganisha kwa gesi na shaba ndani ya zile soketi za kwenye maungio. Sasa wewe unaleta mashine ya weldingi na fimbo ya kuchomelea mageti, joto lile linaua chuma pembeni ya mshono, kwa macho utaona kazi safi imepakwa rangi, nyufa itakuja baadae na itakuja ukiwa unashuka. Fremu imeishi miaka hamsini isife kwa ajili ya keria. Fundi wa gesi anayejua kazi ya shaba anaweza kukuongezea sikio jipya, yani kile kitundu cha kufungia keria, hiyo sina ugomvi nayo, lakini fimbo ya umeme hapana.

Hebu sasa inama hapa, nani ana tochi ya simu, haya. Hapa ekseli inapokaa, nyuma kidogo kwa juu, kuna kisikio chenye tundu. Kimoja huku, kimoja kule. Hiki ndo tunachokitafuta. Baiskeli za safari za baadae zina viwili kila upande, kimoja cha keria kimoja cha madigadi, hii ya zamani ina kimoja tu na madigadi ameshakikalia. Mtu akiona hivo anatoa madigadi anatupa. Hakuna haja, bolti moja inashika vyote ila mpangilio una sheria yake, mguu wa keria unalala kwenye fremu moja kwa moja, waya wa madigadi unakaa nje ya mguu, alafu washa, alafu kichwa cha bolti. Ukigeuza, ukaweka waya wa madigadi katikati, umesogeza mzigo mbali na fremu na bolti imepata nafasi ya kupinda. Milimita tatu tu hizo lakini zina kazi yake.

Tundu hili lina nyuzi ndani, ni za M5, yani bolti ya unene wa milimita 5, hatua ya 0.8, yani milimita 0.8 kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Kwa lugha ya karakana ni bolti inayochukua spana namba 8, au kama ni ya kichwa cha elenki, kile chenye tundu la pembe sita, inachukua elenki namba 4. Ukikuta inataka spana namba 10 hiyo ni M6, usilazimishe. Na tundu la miaka hamsini limejaa kutu, rangi na tope la Uingereza, kwa hiyo usiingize bolti mpya ukakaza kwa nguvu ukisema itajisafisha, itakata nyuzi na utabaki na tundu laini. Weka oili ya kupenya, iache ilale usiku, kesho pitisha tepu ya M5, kile chuma cha kuchongea nyuzi, nusu mzunguko mbele robo nyuma, nusu mbele robo nyuma, uchafu unatoka wenyewe. Huna tepu? Chukua bolti ya chuma kigumu ya M5, ikate kwa msumeno wa chuma mifereji miwili mitatu kwa urefu, kutoka ncha kwenda juu, hiyo mifereji itakusanya kutu kama tepu ya kweli. Haitachonga uzi mpya ila kusafisha inasafisha vizuri tu.

Kama nyuzi zimekufa kabisa hujapoteza baiskeli. Toboa moja kwa moja bolti ya M5 ipite bila kushika, weka nati yenye nailoni upande wa ndani, ila kulia nati ikae nje kama nitakavyoeleza, kaza, na kusema kweli mi napenda hivo kuliko watu wanavofikiri maana ikikatika unatoa kipande kwa vidole. Kama sikio lina nyama ya kutosha unaweza kupiga tepu ya M6, drili ya milimita 5, lakini angalia kwanza ukingo uliobaki, sikio la zamani wakati mwingine ni dogo ukilitanua unabaki na pete.

Upande wa kushoto hauna shida. Bolti ndefu kidogo, itokeze ndani nyuzi mbili tatu, ongeza nati ya nailoni kwa ndani, hapo umeshakuwa na ulinzi mara mbili, bolti imeshikwa na sikio na imeshikwa na nati.

Upande wa kulia ndo wenye mambo. Huku kuna gia na mnyororo. Bolti ikitokeza ndani hata kidogo, mnyororo ukiwa kwenye gia ndogo kabisa unaigusa, mwanzoni unasikia tik tik tik unafikiri ni pedali, alafu siku unakanyaga kwa nguvu mnyororo unapanda juu ya bolti unakwama, gurudumu linasimama. Kwa hiyo huku pima kwanza. Weka mnyororo kwenye gia ndogo, zungusha pedali taratibu, angalia nafasi. Bolti iishie usawa wa fremu, isipite. Ikiwa huna nafasi hata ya hivo geuza bolti, iingie kutoka ndani kwenda nje, kichwa chembamba cha mviringo kikae ndani na nati ikae nje juu ya mguu wa keria. Ubaya wake kuitoa lazima utoe gurudumu. Ubaya mdogo.

Swali lililoulizwa kabla sijaanza, mama yangu pale aliuliza, je kama fremu haina masikio kabisa? Zipo, mama, hasa zile za mbio. Huko chini usitumie klempu za kuzungushia bomba, zile za chuma zenye mpira ndani, kwa juu zinafaa ila kwa chini zinateleza taratibu na mzigo unashuka nazo mpaka keria inakaa kwenye breki. Kuna vifaa vya kuvaa kwenye ile ekseli ya kufungua kwa mkono, Tubus ya Ujerumani wanatengeneza, unapata sehemu ya kufungia bolti. Bei yake sio ya kucheka. Kama hupati, mi ningesema weka mzigo mdogo mbele na begi chini ya siti, au tafuta baiskeli nyingine ya mizigo, maana fremu ya mbio vibomba vyake vya nyuma ni vifupi na visigino vyako vitagonga mifuko kila mzunguko.

Twende juu sasa, huku nitapita haraka. Fremu hii haina tundu za keria karibu na siti, kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni ulimi mmoja wa bati nene unaokuja mbele na kushikwa na bolti ya breki ya nyuma, hizi breki za kuvutwa katikati zina bolti ya milimita 6 inayopita kwenye kile kibomba cha kuunganisha. Inafaa kwa mzigo wa wastani. Ila angalia nati ya breki bado imeshika nyuzi zote baada ya kuongeza unene wa ulimi, ikishika nusu badilisha bolti, hii ni breki bwana. Ya pili, na ndo ninayoipenda, ni mikono miwili na klempu mbili zenye mpira kwenye vile vibomba vinavyoshuka kutoka kwenye siti. Pima unene wa bomba kabla ya kununua klempu, kwa fremu za chuma za zamani mara nyingi ni kati ya milimita 14 na 16, ukinunua kubwa ukajazia vipande vya tyubu itacheza tu. Mikono iende mbele kwa kulala, usiisimamishe, ikisimama sana inashindwa kuzuia keria isicheze mbele nyuma. Kama unaikunja, ikunje mara moja tu taratibu, usiirudishe rudishe, alumini haipendi kukunjwa mara mbili sehemu moja. Na hakikisha waya wa breki unapanda na kushuka bila kugusa kitu, bonyeza breki mpaka mwisho uone.

Wale mnaonunua keria za mtumba, zile za springi zenye mdomo wa kubana juu, nyingi zinashika fremu kwa kibao kimoja na bolti moja. Hiyo ni ya koti na gazeti. Kwa safari isikudanganye. Na keria yoyote ya alumini ya mtumba ipitishe kucha kwenye kila mshono wa weldingi, chuma kinapinda kwanza kabla hakijakatika unapata taarifa, alumini mara nyingi inakatika tu.

Saizi ya gurudumu, neno moja. Rimu ya inchi 27, kipenyo cha pale tairi linapokaa ni milimita 630, ya 700C, ile saizi nyingine ya rimu, ni 622, tofauti ya kipenyo ni 8, kwa hiyo kwa juu ni nusu yake, milimita 4. Keria iliyotengenezwa kwa 700C inaingia mara nyingi lakini ukiwa na madigadi na tairi nene pima, unataka nafasi ya kidole kati ya madigadi na keria.

Uzito sasa, hapa najua tutagombana. Keria nyingi za aina hii zimegongwa maandishi Max 25 kg. Ile Tubus Cargo ya bomba la chuma imeandikwa kilo 40. Kilo 25, sio gunia, sio shemeji. Na hata kama keria ingekuwa ya reli ya treni bado kuna gurudumu, Raleigh za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, walizidisha nyuma kwasababu walijua mzigo unakaa wapi. Hesabu za kwako, zibonyeze mbili mbili kwa vidole, iliyolegea ikazwe kabla ya keria kuguswa.

Mzigo wenyewe uweke chini na mbele. Vizito, maji, spana, mchele, viwe chini kwenye mifuko ya pembeni, usawa wa ekseli au mbele yake kidogo. Hema na shuka ndo vikae juu. Ukisogeza mzigo nyuma ya ekseli mkia unaanza kutikisika kwenye mteremko, na Kitonga ukipanda gurudumu la mbele linakuwa jepesi usukani unatangatanga. Lakini usisogeze mbele mpaka kisigino kigonge, kaa juu, mwenzako akushikie, zungusha pedali kinyume na viatu utakavyovaa safarini, sio ndala. Keria yenyewe iwe sawa na ardhi au iinuke mbele kidogo tu, ikiinamia nyuma mifuko inatambaa.

Bolti nunua za chuma cha pua au za daraja la nguvu la 8.8, namba imeandikwa kichwani. 8.8 ina nguvu zaidi ila inashika kutu, kwa wenzetu wa Tanga na Dar na visiwani chumvi ya bahari inakula, chukueni za chuma cha pua. Grisi kwenye nyuzi kama kuna nati ya nailoni nyuma. Kama hakuna nati, yani upande wa kulia, weka ile gundi ya nyuzi ya bluu, ya bluu, nyekundu hutaitoa bila moto. Kaza mpaka imebana kweli lakini kumbuka ni M5, spana fupi, nguvu ya kiganja, usining'inie.

Kisha pakia mzigo kamili uzunguke mtaani, pita kwenye matuta kwa makusudi, rudi, shika spana namba 8 kagua zote. Itakuwa kuna moja imelegea, rangi ya zamani chini ya mguu wa keria inajibana bolti inapata nafasi, ndo maana mi naikwangua rangi pale kidogo na kupaka grisi. Siku ya kwanza ya safari kagua jioni. Baada ya hapo kila asubuhi gusa kwa vidole tu. Beba bolti mbili za akiba na nati zake, zifunge kwenye tundu zilizobaki za keria yenyewe, hazitapotea.

Na mipira ya tyubu ya kufungia, mi ndo naitumia, hakuna kamba inayoishinda. Ila ncha zake zifungwe, ncha ikining'inia ikaingia kwenye spoku inazungukia kwenye gia na huitoi mpaka ukate.

Haya, spana ziko kwenye hilo beseni la bluu. Kaka wa Galaxy leta keria yako hapa, upande wa kushoto tunaanza nao, na yule aliyenyoosha mkono mwenye baiskeli ya Peugeot uliza wakati tunafunga.